Kinachokula Biti

Biti ikianza kuisha, pua hujua kabla ya jicho. Hadibodi inayokatwa vizuri hutoa harufu ya ukuni mkavu, kama jikoni alfajiri kabla moto haujakolea. Ikikatwa na biti butu harufu hugeuka. Inakuwa kali, ya sukari iliyoungua, na inang'ang'ania kooni. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini, nikaanzia Shinyanga mjini na sasa niko Kahama, na hadi leo harufu hiyo ikipita karibu na banda langu nageuka kuangalia ni nani anaunguza mali.

Kazi yangu ni kukata maumbo. Maseremala wengi wanaijua hadibodi kama ubao wa kuficha: mgongo wa kabati, kitako cha droo, nyuma ya sofa ambako kitambaa kitapigwa pini na hakuna atakayechungulia. Mimi naikata ili ionekane. Herufi za mabango ya maduka na nyumba za kulala wageni, maua ya katikati ya dari, patani za kuchongea milango ya mninga, namba za vyumba, misalaba ya makanisa, mwezi na nyota. Kwa mstari ulionyooka msumeno unatosha. Lakini kwenye kona ya ndani, pale mguu wa herufi R unapokutana na tumbo lake, msumeno wa kawaida hauingii. Hapo panataka mashine ndogo ya mkononi yenye biti nyembamba ya milimita tatu, inayozunguka mara 20,000 na zaidi kwa dakika, na mkono uliotulia.

Nilihamia Kahama mwaka 2009, mwaka ambao mgodi wa Buzwagi ulianza kutoa dhahabu. Bulyanhulu ilikuwa imeshaanza tangu 2001, na upande wa Geita mgodi mkubwa ulikuwa unafanya kazi tangu 2000. Ukiongeza machimbo ya wachimbaji wadogo, Nyarugusu, Lwamgasa, Mgusu na mengine yanayozaliwa na kufa kila mwaka, unapata ukanda ambao fedha inaingia kwa kushtukiza. Wiki moja mtu anakopa unga. Wiki inayofuata duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, limetoa, naye amekuja kwako akitaka bango la duka lenye herufi za urefu wa mkono, liwe tayari Jumamosi. Fundi wa ukanda huu hapati muda wa kujaribu mara mbili. Biti ikikufia Ijumaa usiku, imekufa na jina lako.

Mimi iliwahi kunifia na jina langu, na ilikuwa katika mji wa Katoro.

Kazi yenyewe ilikuwa herufi 86 za nyumba ya wageni, jina kubwa juu na orodha ya huduma chini yake. Nilikwenda na pakiti ya biti sita za chuma nilizonunua dukani, zimepakwa rangi ya dhahabu, na katika ukanda wetu rangi hiyo humlegeza mtu. Kwenye shina ziliandikwa HSS, yaani chuma kigumu cha kukatia. Biti ya kwanza iliisha kwenye herufi ya kumi na moja. Ya pili haikufika ya kumi. Nilidhani ni joto, nikawa nakata kidogo napumzika, nakata kidogo napumzika, nachovya kitambaa kwenye maji napangusa biti. Haikusaidia. Chuma cha aina ile, kikiwa halisi, kinastahimili joto hadi nyuzi 500 na kitu kabla hakijalegea. Kilichokuwa kinaziua biti zangu kilianza kabla ya moto. Makali yalikuwa yanasagika kwanza. Yakishasagika, biti inaacha kukata na inaanza kusugua, na kusugua ndiko kunakoleta moshi. Mimi nilikuwa nazima moshi wakati makali yalishakwenda zamani.

Zikabaki biti mbili na herufi hamsini na zaidi. Nikaenda kwenye duka moja la vifaa pale pale, nikaambiwa: "Chukua hii ya almasi, fundi. Hii haiishi."

Mtoto wa Shinyanga hahitaji kuelezwa almasi. Mgodi wa Mwadui uko pale, na tangu tukiwa wadogo tulisikia habari za John Williamson, yule Mkanada aliyegundua mwamba wa almasi mwaka 1940 na kufa mwaka 1958 akiwa ameacha mji mzima nyuma ya uzio. Tulijua kwamba hakuna kitu duniani kinachochora almasi isipokuwa almasi nyenzake. Kwa hiyo nilinunua bila swali, nikajiona nimerudi nyumbani.

Na kweli haikuisha. Ila haikukata. Biti ya namna ile haina meno. Ni shina la chuma lililogandishwa chembechembe za almasi, kama msasa uliozungushiwa kijiti. Juu ya kioo, kigae au jiwe ni chombo cha ajabu. Juu ya hadibodi, unga unajaa katikati ya zile chembe, hauna mfereji wa kutokea, unapata joto, unaganda, na baada ya dakika chache unachokizungusha ni kijiti cheusi chenye lami. Herufi zilitoka na kingo nyeusi kama chapati iliyosahauliwa. Nilipozipiga rangi, nyuzi zilizokuwa zimelazwa na moto zikanyonya maji ya rangi na kusimama. Mwenye nyumba alipitisha kidole kwenye herufi ya kwanza, akaniangalia kwa upole ambao uliniumiza kuliko matusi. "Fundi," akasema, "herufi zako zimeota ndevu."

Nilizikata upya kwa msumeno wa uzi, kwa mkono, usiku nne. Alinilipa bei tuliyopatana, na mimi sikuwa na uso wa kudai nauli.

Kaka yangu wakati huo alikuwa Nyarugusu, anashika jeki hama ndani ya duara, kazi ya kutoboa matundu ya baruti. Nilipita kwake kabla ya kurudi Kahama. Nikamsimulia. Hakucheka. Aliingia ndani ya kibanda akatoka na biti mbili za kutobolea mwamba, nzito, kila moja na vifundo vya kijivu kwenye uso wake. Moja ilikuwa na kifundo kilichopasuka katikati kama jino lililong'olewa vibaya. Nyingine vifundo vyake vyote vilikuwepo, ila vimekuwa bapa, laini, vinang'aa.

"Mdogo wangu," akaniambia, "kila biti ina kifo chake. Hii ilivunjika. Hii ililika. Hizo zako zinakufaje?"

Hakuna swali lililonisaidia zaidi katika kazi hii. Mpaka siku ile nilikuwa nauliza biti ipi ni kali, ipi ni ngumu, ipi ni ya bei gani. Sikuwahi kuokota biti iliyokufa, nikaitazama kwenye jua, nikauliza imekufaje. Zangu zote zilikuwa zimelika. Hakuna hata moja iliyovunjika.

Kinachozila ni mchanga. Dhahabu ya kwetu mara nyingi hukaa ndani ya mishipa ya jiwe jeupe, kwatzi, na kwatzi ni silika, mama yake mchanga. Ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, ndiyo maana kisu hakiikwaruzi. Sasa hadibodi nayo ina silika yake. Mti wenyewe hunyonya kidogo kutoka ardhini, magome hubeba vumbi, magogo huburutwa, na vyote hivyo vikisagwa kiwandani kuwa nyuzi na kubanwa kwa joto na shinikizo kubwa, zile chembe hubanwa humo humo. Ubao wa milimita tatu tu, laini upande mmoja na wenye alama za wavu upande wa pili, unaonekana mpole. Kumbe biti inapita ndani ya mbao iliyotiwa mchanga. Ongeza na vumbi letu la kiangazi, ambalo hutua juu ya shiti zilizoegemezwa ukutani wiki nzima. Siku hizi siwashi mashine kabla sijafuta shiti kwa kitambaa kikavu pande zote mbili. Kijana akiniambia nachelewesha kazi namwambia afute, halafu aangalie kitambaa.

Vile vifundo vya kijivu vya kaka ni tangsteni kabaidi. Naomba msomaji asichanganye na kabaidi ya mawe inayotiwa maji kutoa gesi ya kuchomelea. Ni ndugu wa jina tu. Nilipokwenda Shinyanga nilimtafuta mwalimu wa karakana katika chuo cha ufundi cha VETA, nikamwonyesha kifundo, nikamuuliza kwa nini kitu hiki kisifungwe kwenye shina jembamba nikatie hadibodi. Akachukua chaki akanichorea zege. Chembe za tangsteni kabaidi ndizo kokoto, akasema, na kobalti ndiyo saruji inayozishika. Biti ya mwamba hupigwa nyundo maelfu ya mara, kwa hiyo hutengenezwa kwa kokoto kubwa na saruji nyingi, ili ivumilie kishindo. Biti ya mbao haipigwi, inasuguliwa. Hiyo huhitaji kokoto ndogo sana zilizosongamana na saruji kidogo, ili makali yawe membamba na yasilike upesi. Madini ni yale yale, mapishi ni mengine. Kitu kilichotengenezwa kustahimili rungu hakina makali ya kunyoa.

Baadaye nilisoma kwamba hadibodi na kabaidi ni marika. Hadibodi tuijuayo ilianzia Laurel, Mississippi, katika miaka ya 1920, kwa William Mason, mtu aliyekerwa na mabaki ya viwanda vya mbao yaliyokuwa yanatupwa. Alipasua vipande vya mti kwa mvuke wa shinikizo kubwa hadi vikawa nyuzi, akazibana, na gundi ya asili iliyomo ndani ya mti ikazishika tena. Miaka hiyo hiyo, Ujerumani, Karl Schröter aliunganisha unga wa tangsteni kabaidi na metali ya kuushika. Kampuni yake ilikuwa ya taa za umeme. Walikuwa wanavuta waya mwembamba wa ndani ya taa kupitia matundu yaliyotobolewa kwenye almasi, na almasi ilikuwa ghali mno. Walipofanikiwa na kiwanda cha Krupp kikaanza kuuza metali hiyo, waliiita Widia, maneno ya Kijerumani yaliyofupishwa, maana yake "kama almasi". Niliposoma hayo nilikaa kimya kidogo. Mimi niliikimbilia almasi wakati walionitangulia walishahangaika kutafuta cha kukaa mahali pake.

Kabaidi nzima, yaani shina na makali vyote kitu kimoja, ndiyo niliyoshika tangu hapo. Kwa bei, wakati ule moja ilinigharimu karibu mara sita ya ile ya chuma. Kwa kazi, moja ilinimalizia oda ambazo zamani zilikula pakiti mbili. Lakini soko letu lina vitu vya kila namna, na maandishi ya kwenye pakiti hayana kiapo. Kwa hiyo napima mwenyewe. Kabaidi ina uzito karibu mara mbili ya chuma cha ukubwa ule ule. Biti moja ya milimita tatu ni nyepesi mno kuhisi tofauti, kwa hiyo nachukua tano kiganjani mkono huu, na tano za chuma mkono wa pili. Nabeba sumaku ndogo mfukoni: chuma huirukia, kabaidi huvutwa kwa unyonge kwa sababu ya kobalti. Nabeba na kipande cha tupa. Tupa ikiuma shina, narudisha biti mezani na kuaga kwa adabu. Ikiteleza kama juu ya kioo, tunaongea bei.

Kuhusu umbo, mafundi wengi watakuambia chukua yenye mfereji uliojizungusha. Ni nzuri kama mashine yako imefungwa kwenye meza au kwenye kiongozi. Mfereji unaopandisha unga juu hukata safi chini na kunyanyua nyuzi juu, na unaoshusha hufanya kinyume, basi unaamua uso laini wa hadibodi uelekee wapi. Mimi nakata mkono mtupu, nafuata mstari wa penseli. Kwa mkono mtupu, biti ya mfereji hukuvuta. Kwenye kona inashika na kurusha mkono. Ninayoipenda ni ile yenye vijino vingi vilivyokatwa kwa mshazari, safu juu ya safu, mfano wa gunzi lenye punje. Tunaiita gunzi, na sijui kama ina jina jingine karakana za mbali. Gunzi halivuti. Linakwenda unakolipeleka, kushoto, kulia, kurudi nyuma. Kingo zake zinahitaji kupitishwa msasa mara moja, na hilo ni gharama ndogo. Joto likipanda halishiki haraka kama mfereji uliojaa. Kwa herufi, sijaona kinacholishinda.

Kabaidi ina udhaifu mmoja ambao lazima uuheshimu: haipindi. Chuma kikielemewa kinajipinda kwanza, kinakupa taarifa. Kabaidi inakatika tu. Ikianguka kwenye sakafu ya saruji, ihesabu imekwenda. Mashine yenye beringi zilizochoka, biti ikawa inayumba hata kwa upana wa unywele, itazikata moja baada ya nyingine, na fundi atailaumu biti. Niliwahi kupoteza tatu kwa siku moja kabla sijafungua mashine na kukuta beringi ya mbele inacheza kama jino la mtoto. Kwa hiyo napachika biti ndani kadiri inavyowezekana, naacha nje urefu wa kazi tu.

Na hapo ndipo kuna siri niliyoipata kwa kutazama biti zilizokufa, kama kaka alivyonifundisha. Makali ya gunzi langu yana urefu wa milimita 12. Hadibodi ina unene wa milimita tatu. Nilipoitazama biti yangu ya kwanza ya kabaidi baada ya kuchoka, nikaona imelika mkanda mwembamba karibu na ncha, na juu yake vijino vyote bado vipya, vinakwaruza ukucha. Nilikuwa natupa biti ambayo robo tatu yake haijagusa kazi. Tangu siku hiyo naanza na ncha; harufu ikianza kubadilika nazima, nashusha kina cha mashine milimita tatu na nusu, naendelea na makali mapya. Nikishamaliza mikanda mitatu ndipo namuweka mzee pembeni. Mkanda wa nne, ule wa juu kabisa, siufikii vizuri kwa sababu ya kitako cha mashine, ila mitatu inatosha kunilipa ile bei mara sita.

Umeme nao una neno. Kwenye vituo vya machimbo, karasha za kusagia mawe zikiwashwa jioni, taa zinafifia kila nyumba. Mashine ya mkononi inapungua mwendo, sauti inashuka, na mkono usiojua husukuma kwa nguvu zaidi ili kufidia. Hapo ndipo biti zinakatika. Nikiwa huko nakata asubuhi. Jioni napiga msasa na rangi.

Nataka kusema jambo la vumbi, na nalisema nikimaanisha. Kaka yangu ametoka kwenye duara. Alitoboa jiwe jeupe bila maji kwa miaka, na vumbi la kwatzi likishaingia ndani kabisa ya mapafu halitoki. Huacha makovu, na mapafu yenye makovu hukaribisha kifua kikuu kwa urahisi. Leo akipanda kilima kidogo anasimama mara mbili. Vumbi la mbao watu hulidharau kwa sababu linanukia vizuri, lakini shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua, tangu miaka ya 1990. Biti kali hutoa unga wenye chembe nene unaoanguka mezani. Biti butu husaga unga kuwa moshi unaoelea. Kwa hiyo mtu anayebana matumizi kwa kuendelea na biti iliyochoka analipa kwa kifua chake, na cha kijana aliyesimama pembeni kushika shiti. Navaa barakoa nene, si kile kitambaa cha kufunga mdomoni. Nimeweka feni nyuma yangu ya kusukuma vumbi nje kupitia dirishani. Anayefanya kazi kwangu bila barakoa, namrudisha nyumbani siku hiyo.

Serikali ilipoanzisha masoko ya madini mwaka 2019, la Geita likifunguliwa Machi mwaka huo, nilipata kazi za wanunuzi wa dhahabu kwa mfululizo: kila ofisi na jina lake, kila jina na herufi zake. Nilizikata zote kwa magunzi manne. Hakuna aliyeniambia habari za ndevu.

 Kuhusu kunoa, kabaidi hainoleki kwa jiwe la kawaida la grenda. Jiwe ndilo linaloisha. Inakubali kitu kigumu kuliko yenyewe, na ni kimoja tu ninachoweza kukinunua hapa mjini. Kwa hiyo ile biti ya almasi ya Katoro, ile iliyonitia aibu, iko kwenye droo yangu ya juu. Nimeikata kichwa, nikaifunga kwenye kipini cha mpingo kama tupa ndogo. Vijino vya gunzi ni vidogo mno kuvinoa, ila biti zangu za makali mawili yaliyonyooka nazipitisha juu yake taratibu, mara tano kila upande, na zinarudi kazini.

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu, ambaye yuko nami mwaka wa pili sasa, alikuwa anakata neno ZAHANATI kwa ajili ya kijiji kimoja cha Msalala. Mimi nilikuwa nje naongea na mteja. Sauti ya mashine ikabadilika kidogo, kisha ikazimika. Nikageuka. Alikuwa amenyanyua pua, ananusa. Akalegeza kifungio cha kitako, akashusha milimita tatu na nusu kwa kipimo cha ukucha wake, akakaza, akashusha barakoa yake vizuri juu ya pua. Alikuwa kwenye A ya tatu.

"Mjomba," akaniita bila kuniangalia, "hili gunzi limebakiza mkanda mmoja. Ukienda mjini ulete jingine, na usisahau sumaku."